Waraka wa Saa Nne

Chumba cha kufulia, Hospitali Kuu
9 Januari

Mzee wangu Karani,

Shikamoo. Barua ya mtu usiyemjua hutia wasiwasi, kwa hiyo kabla ya lolote nikutoe hofu: sikuletei msiba, wala sikudai. Natumaini umeamka salama na viungo vinakutii. Mimi mzima, isipokuwa magoti, nayo tumeshazoeana.

Mimi ni dobi. Mwaka wa thelathini na moja huu nafua mashuka ya hospitali hii, na sasa nasimamia wenzangu saba na mashine nne, moja yao ina kiburi kama bosi. Anwani yako sinayo. Barua hii nitamkabidhi katibu wa chama chenu cha wastaafu wa uhamiaji. Nilipomwomba anwani alinipima kwa macho kama mtu aliyekuja kuposa, halafu akasema, "Mimi siwapi watu anwani za wazee. Lakini barua itafika."

Nianze na shukrani, maana zimechelewa mno. Miaka thelathini na moja iliyopita nilisimama mbele ya dirisha lako pale mpakani. Uliniuliza, "Unakwenda kufanya nini?" Nikajibu, "Kazi yoyote." Ukasema, "Kazi yoyote haimo kwenye fomu. Chagua moja." Nikasema kufua, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa naijua. Ukaandika "dobi", ukagonga muhuri, ukanisogezea kadi. Basi. Hata dakika tano hazikufika.

Kwa kadi ile nilipata kazi hapa wiki ya pili. Nikaolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mgeni kama mimi, mtu mpole aliyefariki miaka sita iliyopita. Tukapata mabinti wawili, wote wamezaliwa ghorofa ya pili, juu ya mashine zangu. Mmoja ni mhasibu, mwingine anasomea ufundi wa maabara. Yote hayo yamepita kwenye lile neno moja uliloandika, na sikuwahi kurudi kusema asante. Asante, mzee wangu.

Sasa ombi, na usinione kuwa nilikuwa nakulainisha. Umesikia sheria mpya. Sisi wenye kadi za zamani tuandikishwe upya kabla ya tarehe thelathini Juni. Ukithibitisha kwamba uliingia kihalali, unapewa ukaazi wa kudumu na ruhusa ya kutoka na kurudi. Usipothibitisha, una siku tisini za kufunga mizigo. Nilipokwenda kuandikishwa niliambiwa madaftari ya kituo kile yalinyeshewa hadi yakaoza. Kilichobaki ni kadi yangu na saini iliyo chini yake, ambayo ni yako. Je, unaweza kuniandikia kuwa ni yako kweli?

Niwie radhi kwa usumbufu. Wasalimie wote walio karibu nawe.

Mwanao kwa heshima,
Dobi


27 Januari

Mwanangu Dobi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kuliko barua zote nilizowahi kupokea, nikajua kweli huyu ni mtu wa mashuka. Sisi huku hatujambo. Nina mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo anayenisomea na kuniandikia ni binti yangu. Yeye ni msusi, na saluni yake iko hapa hapa barazani. Barua yako niliisikia kwa vipande, kati ya kichwa cha mteja mmoja na kingine, na wateja nao wakawa wanauliza, "Ehe, halafu?"

Nikwambie ukweli: sikukumbuki. Nisingependa uanze kunishukuru kwa uongo. Nilikaa mpakani miaka thelathini na minne, na siku za msongamano tulipitisha watu mia mbili kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa naangalia karatasi, nyuso kidogo sana. Lakini hiyo ya "chagua moja" ni mimi. Nilikuwa nawaambia wote.

Sheria mpya nimeisikia. Mimi sheria mpya hazinishtui tena. Nilipoanza kazi hapakuwa hata na dirisha. Palikuwa na meza, paa la bati na chupa ya wino. Viwanda vilikuwa vinafunguliwa kila mwezi, na mkuu wetu alikuwa akitugombeza kwa kuchelewesha watu: "Mnaandika barua za mapenzi? Pitisha, pitisha!" Mtu alikuja na barua ya mjomba wake, tunapitisha. Hana barua, anamtaja mjomba kwa mdomo, tunapitisha.

Viwanda vikaanza kufungwa, tukaambiwa kila mtu ataje kazi anayoijua. Halafu ukaja waraka wa wanawake: asiye na mume wala baba wa kumpokea asiingie. Huo tuliutekeleza miaka tisa, na siku ulipofutwa hakuna aliyetueleza ulikuwa wa nini. Kikaja kibali cha mwajiri, ukifukuzwa kazi una siku kumi na nne uwe umetoka. Ukaja mwaka wa msamaha, foleni ikazunguka jengo mara mbili. Msamaha ukafungwa, zikaja alama za vidole. Kila waraka ulisainiwa na mtu ambaye hajawahi kukaa dirishani hata siku moja. Mimi nilistaafu mwaka walipoleta mashine ya kusoma uso. Waliijaribu kwangu, ikasema sitambuliki.

Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kuniambia ilikuwaje baada ya kupita. Wewe ni wa kwanza. Binti yangu alipomaliza kusoma aliniuliza nawaza nini. Nilikuwa nawawaza mabinti zako wa ghorofa ya pili.

Nitumie nakala ya kadi. Saini nitaithibitisha hata kesho.

Wako,
Mzee Karani


8 Februari

Mzee wangu,

Shikamoo tena. Vipi macho? Na mwandishi wako hajambo? Mwambie mwandiko wake unasomeka kuliko wa madaktari wetu wote.

Nakala ya kadi ninayo hapa, lakini mambo yamechafuka kidogo. Nilirudi ofisi ya uandikishaji na barua yako nikiwa natabasamu barabara nzima. Afisa niliyemkuta ni kijana wa miwani, mwenye adabu, simlaumu. Aliisoma mara mbili, akaangalia tarehe ya kadi, akafungua faili lake. Akasema, "Mama, saini sina shida nayo. Shida ni tarehe. Waraka wa kuzuia wanawake wasio na mpokeaji ni wa siku hii hii. Wewe uliandikwa huna mpokeaji. Kwa hiyo siku hiyo hukustahili kuingia, na kadi hii ilitolewa kimakosa."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliingia asubuhi."

Akasema, "Waraka hauna asubuhi wala jioni. Una tarehe."

Ukicheka sitakulaumu, kwa sababu hata mwaka wa msamaha yalinikuta kama haya. Nilipanga foleni siku tatu, nikafika mbele, wakaniambia, "Msamaha ni wa walioingia bila ruhusa. Wewe uliingia kwa ruhusa. Nenda nyumbani." Sasa ndio hao hao wanasema ruhusa sikuwa nayo.

Mzee wangu, kuna jambo sikukuandikia mwanzoni. Nilitaka barua ya kwanza iwe ya shukrani tupu. Lakini umenitajia ule waraka mwenyewe, na sasa naona siwezi kulizunguka.

Siku ile sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa mbele kwenye foleni. Tulipokaribia dirisha akageuka akaniona nimeinama na lile begi letu, akasema, "Tangulia wewe, utavunjika mgongo." Tukabadilishana nafasi. Nikapita. Nikaweka begi chini upande wa pili, nikageuka kumsubiri. Nikakuona unaandika kadi yake. Nikamwona mkuu wenu anatoka na karatasi mkononi. Halafu nikakuona unachana.

Alirudi nyumbani siku ile ile. Sijamwona tena. Ningetoka, kadi yangu isingenirudisha, na kulikuwa na mshahara wa kumpelekea mama. Yeye aliomba viza ya kunitembelea mara mbili, akanyimwa mara mbili. Mama alipougua yeye ndiye aliyemuuguza, na alipofariki yeye ndiye aliyemzika, mimi nikiwa hapa nakunja mashuka.

Siandiki kukulaumu. Nakushukuru kwa dakika zangu tano, na nitakushukuru hadi mwisho. Ila kama unakumbuka waraka ulifika saa ngapi, niambie. Ni hilo tu litakaloniokoa.

Mwanao,
Dobi


30 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Wiki saba zimepita bila barua yako. Naomba Mungu iwe ni posta na isiwe afya.

Kama ni ile barua yangu iliyokuumiza, nisamehe. Niliandika nikiwa nimetoka ofisini na hasira za watu wengine, zikakuangukia wewe. Mabinti zangu wameniambia nimekosa, mzee wa watu hawezi kubebeshwa foleni nzima.

Huku hospitali msimamizi mkuu ameniita. Ni mtu mzuri, alikuwa anahangaika na kalamu yake muda wote. Amesema baada ya Juni hataruhusiwa kuniacha kazini bila kitambulisho kipya. Nimeanza kumfundisha mwenzangu kuendesha ile mashine yenye kiburi, taratibu, kana kwamba namfundisha tu.

Huna deni kwangu. Nataka tu kujua u mzima.

Mwanao,
Dobi


14 Aprili

Mwanangu,

Mimi mzima, na posta haina kosa. Barua yako ya Februari ilifika siku ya nne. Kosa ni langu.

Binti yangu ndiye aliyenisomea. Alipofika pale kwenye kuchana alisimama. Akauliza, "Baba, ni wewe?" Nikamwambia aendelee kusoma. Akasema, "Nimeuliza, ni wewe?" Nikasema ni mimi. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akawa anaangalia chini. Binti akamaliza barua yote kwa sauti, akaikunja, akarudi kusuka. Siku mbili hakunisemesha, ila chai aliniletea. Kisha nikawa mimi ndiye nisiyetaka kusema. Kila alipochukua kalamu na kuniuliza, "Tunamjibu nini?" nilimwambia kesho. Barua yako ya pili, ya kuniomba msamaha, ndiyo iliyonimaliza. Wewe kuniomba mimi msamaha!

Nikwambie sasa. Wewe sikukumbuki, lakini saa ile naikumbuka. Kengele ya chai ya saa nne ilikuwa imetoka kulia. Mkuu wa kituo akatoka ofisini na karatasi, akasema, "Mwanamke asiye na mpokeaji hapiti. Kuanzia sasa hivi." Mbele yangu alikuwa binti mmoja. Nilikuwa nimeshaandika kadi yake, bado muhuri. Nikasema, "Mkuu, huyu nimeshamwandika." Akasema, "Umegonga muhuri?" Nikasema bado. "Basi hiyo ni karatasi tu. Chana."

Nikachana. Nilimuuliza mkuu mara moja, sikumuuliza mara ya pili. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya serikali. Mimba ile ndiyo huyu anayekuandikia maneno haya sasa hivi, na amesimama kidogo kufuta macho. Mdogo wako hakulia. Alisema, "Lakini dada yangu yuko pale." Nikamwambia, "Rudi nyuma, dada." Miaka yangu yote iliyobaki pale niliwaambia watu maneno hayo mara nyingi hata yakakosa ladha. Yeye alikuwa wa kwanza.

Juzi binti yangu alikuja akakaa mbele yangu, akasema, "Baba, kunyamaza kwako hakumsaidii yule mama hata chembe. Umejuta vya kutosha. Sasa kumbuka kitu." Alinichemsha kweli. Nikakaa asubuhi nzima kukumbuka, na nimekumbuka.

Waliopita tuliwaandika kwenye madaftari ya kituo, ndiyo hayo yaliyooza. Lakini waliokataliwa walikuwa na daftari lao peke yake, lenye jalada jekundu. Kila mwisho wa mwezi lilipelekwa makao makuu, kwa kuwa wakubwa walitaka kujua tumefunga mlango vizuri kiasi gani. Makao makuu hakuvuji. Na kwenye daftari lile tuliandika saa. Jina la mdogo wako limo, mwandiko wangu, na litakuwa la kwanza chini ya waraka ule. Nilichoandika zaidi ya jina na saa sikumbuki. Waambie wakalitafute.

Kwenda mwenyewe siwezi, mwezi ujao napasuliwa macho. Lakini jana binti yangu alinishika mkono hadi mahakamani, nikala kiapo mbele ya hakimu. Karatasi yake iko ndani ya bahasha hii. Nimesema yote, hata ile kadi niliyoichana. Hakimu aliniuliza kama nimelazimishwa. Nikamwambia ndiyo, na huyu binti yangu hapa.

Wako,
Mzee Karani


11 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Umepasuliwa? Umefunguliwa bandeji? Unaona? Nataka kujibiwa yote matatu.

Nimepata, baba! Kitambulisho kiko mbele yangu hapa juu ya meza ya kukunjia, na kila anayeingia lazima akishike.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Yule afisa wa miwani alisoma kiapo chako akiwa amesimama. Akasema, "Daftari jekundu silijui, lakini nitauliza." Nilijua ndiyo imekwisha, "nitauliza" ya ofisini unaijua mwenyewe. Kumbe kijana kauliza kweli. Aliandika makao makuu mara tatu, na mara ya mwisho akaenda kwa miguu yake. Jumatatu iliyopita nikaitwa. Nikaenda na mabinti zangu wote wawili, tumevaa kama tunakwenda arusini, ili kama ni kufukuzwa tufukuzwe tukiwa nadhifu.

Daftari lilikuwa juu ya meza. Jekundu kweli, limepauka pembeni. Akafungua palipowekwa karatasi, akasoma kwa sauti jina la mdogo wangu. Sijasikia jina lile likitamkwa na mtu wa serikali tangu siku ile. Halafu akasoma: "Saa nne na dakika tano. Mwanamke, peke yake, hana mpokeaji. Kadi imechanwa kwa amri. Dada yake amepita dirishani kabla ya waraka."

Akarudia maneno ya mwisho. Dada yake amepita dirishani kabla ya waraka.

Akavua miwani. Akasema, "Safu hii ni ya sababu ya kukataliwa tu. Huyu karani hakutakiwa kuandika mambo ya dada."

Nikasema, "Ashukuriwe alivyoandika."

Akasema, "Ndiyo, mama. Ashukuriwe." Akagonga muhuri.

Sijui kwa nini uliandika, baba, na wewe mwenyewe umesahau. Labda uliona mtu amesimama upande wa pili na begi. Nashukuru. Nimemshukuru na yule kijana, aliona haya. Nimemshukuru na msimamizi, ambaye alikumbatia ile mashine yenye kiburi kabla ya kunikumbatia mimi. Mchana ule ule nilirudi kazini, palikuwa na mashuka ya chumba cha upasuaji yaliyoloa damu, na hayo hayasubiri: maji ya baridi kwanza, ukikosea ukaanza na ya moto doa linakaa milele. Nikayafua huku nalia, wenzangu wakaniachia.

Jioni nikampigia mdogo wangu. Nikamweleza kwamba kilichonipitisha ni jina lake kwenye daftari la waliokataliwa. Akasema, "Kwa hiyo kukataliwa kwangu kumefaa kitu." Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka salio likaisha.

Mwanao,
Dobi


22 Juni

Mwanangu,

Marahaba mara tatu. Nimepasuliwa, nimefunguliwa, naona. Barua hii naandika kwa mkono wangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Yako nimeisoma peke yangu, neno kwa neno, barazani. Binti yangu akawa ananizunguka na kitana mkononi akisema, "Baba, soma kwa sauti basi!" Nikamnyima mpaka nilipomaliza. Kisha tukaisoma wote, na wateja wawili.

Kuhusu yale maneno ya dada. Nimejitahidi kukumbuka na sikumbuki. Ningependa kukwambia niliyaandika kwa huruma, lakini huenda niliandika kwa woga tu, ili mkuu asije akaniuliza kwa nini jina lako lina kadi na lake halina. Chukua lolote litakalokufaa. Mimi nimefurahi yamefaa.

Kwanza nilipoanza kuona nilishangaa binti yangu ana mvi. Hakuniambia.

Sasa, mdogo wako je? Redio imesema kuanzia Agosti watu wa nchi jirani zote wanakuja kutembea siku tisini bila viza. Sikuamini, nikampigia katibu wa wastaafu. Amesema ni kweli, na kwamba wakubwa sasa wanataka watalii, ndugu za watu na yeyote mwenye begi. Tunarudi kule kule kwa "pitisha, pitisha", sijui kwa muda gani. Mwambie aje kabla hawajabadili tena.

Baba yako,
Karani


5 Septemba

Baba,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje na jua hili? Vaa kofia.

Amekuja. Niko naye hapa, amelala kitandani kwangu na mimi nalala na binti mdogo, ambaye anasema nakoroma kama mashine.

Nilikwenda kumpokea mpakani juzi. Kituo chako hukijui tena, ni jengo la vioo lenye vyoo visafi. Watu wa kupokea wanasimama nyuma ya kamba, karibu sana na dirisha, kwa hiyo niliona na kusikia kila kitu. Alikuwa kwenye foleni ameshika pasi yake ya kusafiria kwa mikono miwili. Amenenepa, ana miwani, na anatembea kama mama kabisa. Ofisa alikuwa dada kijana. Akamuuliza maswali ya kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, vizuri tu, mpaka akafika hapa:

"Umewahi kukataliwa kuingia nchini?"

Kichwani nikawa namwambia, sema hapana, sema hapana. Mdogo wangu ni mwalimu wa chekechea, kudanganya hawezi. Akasema, "Ndiyo. Mara tatu. Ya kwanza ilikuwa hapa hapa."

Yule dada akaacha kuandika. "Sababu?"

"Nilikuwa mwanamke."

"Samahani?"

"Ndiyo sababu waliyoandika. Mwanamke, peke yake."

Ofisa akamwangalia, akaangalia kompyuta yake kama anatafuta pa kulibonyeza jibu la namna hiyo. Kisha akasema, "Mama, siku hizi hiyo si sababu." Akagonga. "Karibu. Nani anakupokea?"

Akaonyesha kidole kwenye kamba, akasema, "Dada yangu yuko pale."

Sitakuandikia yaliyofuata, baba, kwa sababu sikumbuki vizuri. Naambiwa nilipita chini ya kamba na askari akatazama pembeni.

Nimemweleza habari zako zote, barua zako amezisoma moja moja, na ile ya Aprili kaisoma mara mbili. Nilimuuliza kama nina haki ya kukuita baba. Akasema, "Wewe mwite utakavyo. Mimi nataka kumwona." Sikumwelewa uso. Kama hutaki, sema, sitakuletea mtu nyumbani kwako kwa nguvu.

Mwanao,
Dobi


3 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini mlifika nyumbani salama Jumapili ile mlipotoka kwangu na basi halikuwasumbua. Sisi wazima. Binti yangu anasalimu, anasema nywele za mdogo wako ni nzuri mno, arudi zisukwe tena kabla ya kuondoka.

Naandika kukueleza usichokisikia. Ulipoingia ndani kumsaidia binti yangu kupakua chakula, sisi wawili tulibaki barazani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilikuwa na maneno, nimeyapanga vizuri, nimeyasema peke yangu bafuni. Mdogo wako akaniangalia sana, akasema, "Ulikuwa na nywele."

Maneno yote yakanitoka. Nikasema, "Zilikuwepo."

Akasema, "Nilikulaani mwaka mzima. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Mwaka wa pili nikawa nasahau siku moja moja. Halafu nikapewa darasa la watoto thelathini, nikakosa nafasi."

Nikamwambia ninaomba radhi. Nikamwambia kwamba nilimuuliza mkuu mara moja tu, na kwamba ningeweza kumuuliza mara ya pili. Hakuniambia si kitu. Nashukuru hakuniambia si kitu. Aliniuliza, "Ulikuwa unaogopa?"

Nikasema, "Sana."

Akasema, "Mimi pia." Kulikuwa na machungwa kwenye sahani, akachukua moja, akalimenya taratibu, ganda lote kipande kimoja, kama wanavyowafanyia watoto. Akaligawa, akanipa nusu. Akaniambia mama yenu alikufa ameshikwa mkono, na kwamba kama yeye angepita siku ile mkono huo usingekuwepo. Hakusema hilo kunifariji. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na alitaka nijue yote, uzito wake na uzuri wake. Kisha akaniuliza kama nilipenda kazi yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia siku za mwanzo niliipenda, siku za "pitisha, pitisha". Akacheka, na wewe ukatoka na sahani ukauliza tunacheka nini, sote tukasema hakuna.

Anasema siku tisini zinamtosha, ana darasa linamsubiri. Mwambie mwakani aje tena, na asiposumbuliwa mlangoni apite moja kwa moja hadi kwangu, nitamfuata kituo cha basi mwenyewe. Sasa naona vizuri.

Watu niliowapitisha na niliowarudisha siwezi kuwahesabu, wala sijui yaliyowapata. Yenu ninyi wawili nayajua. Nimeamka leo nikiyawaza, nikashukuru, nikachukua kalamu kabla binti yangu hajafungua saluni.

Baba yenu,
Karani